UZI: Kabla mchangie mtu pesa ya "sindano ya kuotesha gegedu ya goti", someni hii kwanza

FizioKisumu
Mulembe, oyawore, habari zenu wote wa huku magharibi na mlioko Nakuru pia. Hii maneno nimekaa nayo kwa muda na naona watu wanazidi kuumia, kwa hivyo leo naiandika yote na itakuwa refu. Mimi ni fizio hapa Kisumu, sio daktari wa upasuaji. Watu ninaowaona ni wamama wa magoti, wazee wa mgongo, vijana wa boda wenye miguu imevunjika, na watoto wa sickle cell wenye nyonga zinawauma.

Kuna mambo mawili yananisumbua. Karibu kila wiki mama anakuja na poster ya kwa WhatsApp, ati kuna sindano ya seli shina (stem cells, seli zinazoweza kugeuka kuwa tishu tofauti) inaotesha gegedu (cartilage) ya goti upya, bei yake ni ya kuuza ng'ombe wa gredi, na familia imeshafungua grupu ya mchango. Halafu anafuata kijana amevunjika mguu wa chini, mfupa umekataa kushika mwaka mzima, ameambiwa hakuna kitu kinaweza kufanyika, na kumbe kwake ndio hii sayansi ya kujenga tishu upya iko na majibu, tena majibu ambayo hayahitaji maabara ya Ulaya. Yaani watu wetu wanaikimbilia pale haijafika na wanaikosa pale imefika kitambo.

Tuanze na tofauti ya mfupa na gegedu juu hapo ndipo watu wanauziwa uongo. Mfupa ni kitu hai na una damu nyingi. Ukivunjika, damu inamwagika pale kwenye ufa inaganda, na hilo donge la damu ndio mwanzo wa kila kitu, seli zinaingia humo, zinatengeneza kwanza kitu laini, kinakuwa kigumu, halafu kwa miezi mingi mwili unachonga ile ziada mpaka kwa mtoto mdogo unaweza kukosa kujua alivunjika wapi. Ni tishu chache sana za mwili wa binadamu zinapona hivyo bila kuacha kovu.

Gegedu ya goti, ile kitu nyeupe inayoteleza kwa mwisho wa mfupa, haina mshipa wa damu hata mmoja. Haina neva pia. Seli zake ni chache, zimekaa mbalimbali ndani ya kolajeni na maji, na chakula zinapata kutoka kwa ute wa kiungo tu, ule unaosukumwa huku na huku ukitembea. Ikichubuka hakuna damu itakuja kuganda na hakuna seli zitakuja mbio kusaidia. William Hunter, daktari wa London, aliandika 1743 kwamba gegedu ikishaharibika hairudi, na pamoja na yote yaliyogunduliwa tangu hapo bado watafiti wanapigana na hiyo sentensi.

Ulizeni, nitajibu pole pole nikitoka kazi.

Kibuye_Hardware
Nafuatilia. Mama yangu ako kwa hiyo hali ya magoti.

FundiMamboleo
Asante sana fizio. Swali langu ni la mtu wa mjengo, hiyo kujenga tishu upya inafanywaje hasa? Juu naskia watu wakisema seli shina seli shina, ni kama wanamwaga tu seli hapo ndani zinajipanga zenyewe.

FizioKisumu
Omera wewe ndio utaelewa haraka kuliko wote. Ukipeleka mafundi saiti bila kitu kingine watajenga? Unahitaji mafundi, skafodi ya kupandia, forman wa kuwaambia jenga hapa, na ardhi isiyotikisika. Mwaka wa 2007 daktari wa mifupa wa Leeds, Uingereza, anaitwa Peter Giannoudis na wenzake waliyaweka haya manne pamoja wakayapa sura ya almasi yenye kona nne, na mpaka leo madaktari wa mifupa wakiona mfupa umekataa kushika wanajiuliza ni kona gani imekosekana.

Mafundi ni seli, hasa zile za ndani ya uboho. Skafodi ni kitu chenye matundu matundu ambapo seli zitakaa na mishipa ya damu itapita, inaweza kuwa chembe za kalsiamu fosfeti, inaweza kuwa matumbawe ya bahari yaliyogeuzwa kwa maabara juu matundu yake yanakaribiana na ya mfupa, na bado ile bora kabisa ni mfupa laini uliochotwa kwa nyonga yako mwenyewe. Na skafodi nzuri inatoweka pole pole mfupa wenyewe ukichukua nafasi yake. Forman ni protini. Marshall Urist, daktari wa Los Angeles, alichukua mfupa akautoa madini yote kwa asidi, akauweka ndani ya nyama ya mnyama, mahali hakuna mfupa kabisa, na baada ya wiki kadhaa mfupa mpya ukaota pale ndani ya nyama. Hiyo ilitoka 1965 kwa jarida la Science, na ndio ilifanya watu watafute zile protini zinazoamrisha seli kuwa mfupa. Kona ya nne ni uthabiti, kwamba pale pameshikwa na chuma ama plasta vizuri.

Sindano ya poster inakupa labda kona moja, na saa zingine hata hiyo moja hakuna.

Halafu hizo protini si za kuchezea. Moja yao iliruhusiwa Marekani 2002 kwa upasuaji wa mgongo wa chini, watu wakaanza kuiweka hadi shingoni mahali haikuruhusiwa, na 2008 serikali yao ikatoa onyo juu wagonjwa walivimba koo mpaka kupumua ikawa shida. Dawa ni ileile, mahali ndio palibadilika.

FundiMamboleo
Sasa nimeshika. Shukran.

MwalimuBondeni
Niko Nakuru, Bondeni. Naheshimu maneno yako lakini mimi nilidungwa ile ya damu yangu mwenyewe, PRP, kwa goti la kushoto mwaka jana na naapa maumivu yalipungua. Nilikuwa sipandi ngazi za shule sasa napanda. Kwa hivyo usiseme haifanyi kazi, mimi ni ushahidi.

FizioKisumu
Mwalimu nafurahi sana unapanda ngazi, na sitasema maumivu yako hayakupungua, yalipungua. Swali ni nini kiliyapunguza.

PRP wanakutoa damu, wanaizungusha kwa mashine mpaka inajitenga, wanachota ile sehemu ya manjano yenye chembe sahani nyingi, zile za kugandisha damu, juu zimebeba protini za ukuaji, wanakudunga. Wazo ni zuri. Sasa Australia walichukua watu 288 wenye magoti kama yako, nusu wakadungwa PRP mara tatu, nusu wakadungwa maji ya chumvi mara tatu, na mgonjwa hajui amepata gani. Matokeo yalitoka 2021 kwa jarida la JAMA. Baada ya mwaka mmoja maumivu yalipungua kwa wa PRP, na yakapungua pia kwa wa maji ya chumvi, karibu sawa. Wakaangalia gegedu kwa MRI, hakuna tofauti ya maana. Maumivu ya goti huwa yanapanda na kushuka yenyewe, na watu wengi hudungwa wakati yako juu kabisa, halafu ukishadungwa unaanza kutembea kwa imani, misuli inaamka, goti linashukuru.

Na si PRP tu. 2023 jarida la Nature Medicine lilitoa utafiti wa Marekani uliolinganisha seli za aina tatu, za uboho, za mafuta ya tumbo na za kitovu cha mtoto mchanga, na ile sindano ya kawaida ya steroidi. Wagonjwa walikuwa zaidi ya 400. Baada ya mwaka hakuna seli iliyoshinda steroidi. Hizo seli zilitayarishwa na wataalamu, sio mtu mwenye chumba juu ya duka la simu.

Kuna moja hunifikirisha sana. Kuna protini inaitwa sprifermin, walidunga watu kwa magoti, matokeo yakatoka 2019, na kweli gegedu ilinenepa, ikilinganishwa na waliopata maji tu tofauti ilikuwa kama sehemu 5 kwa 100 za milimita baada ya miaka miwili. Kidogo lakini ya kweli. Lakini maumivu hayakutofautiana! Juu gegedu haina neva, maumivu ya goti yanatoka kwa mfupa ulio chini yake, kwa utando wa kiungo, kwa misuli iliyolegea. So hata siku watafaulu kuotesha gegedu vizuri, bado si lazima mama aache kuumwa.

MwalimuBondeni
Hmm. Hiyo ya maji ya chumvi sikuwa najua. Basi niendelee na nini?

FizioKisumu
Misuli ya paja mbele, mwalimu. Kaa kwa kiti cha staffroom, inuka bila kushika meza, kaa tena pole pole, fanya mpaka uskie paja limechoka, kila siku. Na uzito. Utafiti wa 2005 ulionyesha kila kilo moja mtu anapunguza, goti linapunguziwa mzigo wa kilo nne kila hatua. Hesabu hatua za kutoka Bondeni hadi shule uone ni tani ngapi.

Winga_Njoro
Mimi ni mchezaji, miaka 22, niligongana na kipa, MRI inasema kipande cha gegedu kimetoka kwa goti saizi ya sarafu. Sio hiyo ya wazee. Kwa hivyo hata mimi nikae tu??

FizioKisumu
Hapana kijana wangu, wewe ni hadithi tofauti na nimefurahi umeuliza. Goti la mzee gegedu yote imeisha kama imepigwa msasa, lako ni shimo moja kwa goti zima. Hapo sayansi imesonga.

Njia rahisi ni kutoboa vitundu vidogo kwa mfupa chini ya lile shimo ili damu na seli za uboho zipande zijaze. Richard Steadman, daktari wa Marekani, ndiye aliisambaza kuanzia miaka ya 80. Inatumika sana juu inafanywa kwa kamera na vifaa vya kawaida, shida yake ni kwamba kinachojaa ni tishu ya kovu ngumu ngumu, sio gegedu halisi, na kwa wengi inachoka miaka ikipita hasa shimo likiwa kubwa.

Njia ya pili ilianzia Göteborg, Uswidi. Mats Brittberg, Lars Peterson na wenzao walitoa kipande kidogo cha gegedu mahali hapabebi uzito, wakakuza zile seli kwa maabara kwa wiki kadhaa, wakafungua goti tena wakazirudisha kwa shimo. Walianza 1987, na 1994 wakachapisha wagonjwa wao 23 wa kwanza. Siku hizi seli zinapandwa kwa kitambaa cha kolajeni ya nguruwe, daktari anakikata saizi ya shimo anakibandika, na Marekani hiyo iliruhusiwa Disemba 2016. Huko Basel, Uswisi, wamejaribu hadi seli za gegedu ya pua, juu seli za pua hazizeeki haraka, 2016 walichapisha wagonjwa 10 wa kwanza.

Hiyo ya kukuza seli inataka maabara safi ya kiwango cha juu na upasuaji mara mbili, kwa hivyo bei yake ni ya juu sana. Mtu akikuambia anakufanyia hiyo kwa kliniki ya kawaida siku moja ukaenda nyumbani, ujue si hiyo. Tafuta daktari wa mifupa anayeshughulika na magoti na kamera, umuulize kipande kilichotoka kiko wapi, kikiwa bado kizima na kiko na mfupa nyuma kinaweza kurudishwa kikapigwa pini, na hiyo haingoji. Usicheze mpira kwa sasa.

Winga_Njoro
Sawa coach. Napiga simu kesho.

MzeeKakamega
Nyinyi watoto wa hospitali mnasahau wazee wa kukanda mifupa. Baba yangu alikandwa na akapona, hakukuwa na hizi seli shina zenu. Ndio maana watu wanarudi kwao.

FizioKisumu
Mzee nakuheshimu, na baba kupona siwezi kukataa. Mifupa mingi hupona ikishikwa tu ikatulia, na wazee wetu walijua kufunga kwa vijiti vizuri. Wale wa kufunga na kuacha sina ugomvi nao.

Kukanda ndio shida. Lile donge la damu nilisema kwa posti ya kwanza ndio mbegu ya mfupa mpya, sasa ukilikanda kila asubuhi na mafuta ya moto unalitawanya. Na ukifunga sana, mguu unavimba ndani ya vijiti, damu inakosa kupita, misuli inakufa kwa masaa machache tu. Vidole vikiwa baridi, vikikosa hisia, ama maumivu yakizidi ukinyoosha vidole, fungua hiyo kitu saa hiyohiyo hata kama ni usiku na mkimbie hospitali.

MzeeKakamega
Hiyo ya vidole baridi nimewahi kuiona kwa mtoto wa jirani, mkono ulikatwa. Sawa nimekuskia.

BodaLuanda
Fizio mimi ndio yule kijana umesema mwanzo, ni kama ulikuwa unaniandikia. Niligongwa na probox hapa Luanda, mfupa wa muundi ulitoka nje, nikawekwa chuma cha nje, ikaingia usaha, chuma kikatolewa, sai ni mwaka na nusu mguu unacheza katikati ni kama kuna kiungo kingine. Nimeambiwa mahali fulani ni afadhali ukatwe nivae wa bandia. Niko na watoto wawili.

FizioKisumu
Pole sana ndugu yangu. Siwezi kukuambia kwa simu mguu utapona, lakini naweza kukuambia kuna njia mbili unastahili kuzisikia kutoka kwa daktari wa mifupa kabla ukubali kukatwa.

Moja ilitoka kwa Mfaransa anaitwa Alain-Charles Masquelet, alianza miaka ya 80. Wanafungua, wanakata mfupa wote uliokufa na wenye usaha mpaka wafikie ule unaotoa damu, hata kama pengo ni kubwa namna gani. Halafu hawaweki mfupa hapo. Wanajaza pengo na simiti ya mifupa iliyochanganywa na antibaiotiki, wanaumba kwa mkono ikiwa laini, inakauka ikiwa na umbo la mfupa, wanashikisha kwa chuma wanafunga. Unangoja wiki sita hadi nane. Wakati huo mwili unaona hiyo simiti ni mgeni, unaizungushia utando, na huo utando ndio siri yote, una mishipa mingi ya damu na unatoa zile protini za kuamrisha mfupa, zile za Urist. Wanarudi, wanapasua utando pole pole bila kuuharibu, wanatoa simiti, wanajaza ndani chembe za mfupa laini zilizochotwa kwa nyonga yako, wanashona utando juu yake kama mfuko. Mapengo ya hata zaidi ya sentimita 20 yamejazwa hivyo. Seli zimetoka kwako, skafodi imetoka kwako, forman ni huo utando, na chuma kinatuliza. Kona zote nne, na maabara ya kukuza seli haihitajiki.

Ya pili ni ya Gavriil Ilizarov, daktari wa Kurgan kule Siberia, alianza miaka ya 50 akishughulika na majeruhi wa vita. Pete za chuma kuzunguka mguu na waya nyembamba zinapita kwa mfupa. Wanakata mfupa mahali penye afya, wanauacha siku chache, halafu wanauvuta milimita moja kwa siku, kwa robo robo mara nne. Pale nyuma unapoachia nafasi mfupa mpya unajaza wenyewe. Ukivuta haraka haujazi, ukivuta polepole sana unashikana mapema. Nchi za Magharibi hazikuijali mpaka 1980 mpanda milima Mwitaliano Carlo Mauri alipoenda Kurgan na mguu ulioshindikana kwao akarudi akitembea.

Mimi nikiona mtu ametolewa hizo pete baada ya miezi na muundi wake ni mfupa wake mwenyewe, huwa nashangaa kila mara.

Nenda hospitali kubwa ya rufaa, iwe Russia, yaani Jaramogi, hapa Kisumu ama Moi Eldoret, na barua ya rufaa na eksirei zote za tangu mwanzo, hata zile za zamani usitupe. Uliza: usaha uliopimwa ni wa bakteria gani? Mfupa uliokufa ulitolewa wote? Naweza kufanyiwa Masquelet ama Ilizarov? Daktari akikuambia baada ya kuangalia yote kwamba kukata ni bora, na anakueleza kwa nini, hiyo pia ni jibu la heshima, kuna miguu ambayo neva zimekufa na kuihifadhi ni kumtesa mtu. Lakini usikatwe bila hayo maswali.

Na unavuta sigara?

BodaLuanda
Ero kamano sana. Ndio navuta, kama pakiti.

FizioKisumu
Acha leo. Nikotini inabana mishipa midogo, na mfupa bila damu haushiki, kuna madaktari hawakubali kukufanyia kabla uache. Pima sukari pia.

MamaWarriorSiaya
Fizio nimesoma yote mpaka hapa nikaogopa. Kijana wangu ni warrior, yaani ana sickle cell, ako miaka 15, tangu Disemba anachechemea. Analalamika goti la kulia lakini walipiga eksirei ya goti wakasema iko sawa, akapewa dawa ya maumivu. Kukaa chini akikunja miguu hawezi. Inaweza kuwa nini?

FizioKisumu
Mama, nimeacha kila kitu nikujibu wewe.

Mtoto mwenye sickle cell akichechemea na goti halina kitu, angalia nyonga. Neva za nyonga na goti zinapitia njia moja, kwa hivyo nyonga ikiumia mtoto anaonyesha goti. Na hiyo ya kushindwa kukunja miguu ni dalili ya nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja kinalishwa na mishipa midogo sana, chembe za damu zikipinda kama mundu zinaiziba, na sehemu ya mfupa inakufa ikikosa damu. Huku kwetu ambako sickle cell iko kwa familia nyingi hii kitu ni ya kawaida na inachelewa kuonekana. Mwanzo kichwa kinabaki mviringo ingawa ndani kimekufa, na eksirei inaweza kuonekana safi kabisa, MRI ndio inaona. Baadaye kinaporomoka kinakuwa bapa, hapo kila mtu anaona lakini nafasi imepungua.

Hapa ndipo tiba ya seli ina hoja ya ukweli. Philippe Hernigou, daktari wa Créteil karibu na Paris, alikuwa anachota uboho kwa mfupa wa nyonga na sindano nene, anauzungusha kwa mashine kuzikusanya zile seli, anatoboa njia nyembamba mpaka ndani ya kile kichwa kilichokufa anazidunga hapo. Kati ya wagonjwa wake kulikuwa na wa sickle cell. 2002 alichapisha nyonga 189 alizofuatilia miaka mitano hadi kumi. Zile alizofanya kabla kichwa kuporomoka zilikuwa 145, na 9 tu ndizo zilihitaji baadaye kuwekewa nyonga ya bandia. Zile zilizokuwa zimeporomoka tayari zilikuwa 44, na 25 zikahitaji. Mkono ni wa daktari mmoja na seli ni za aina moja, kilichowatenganisha zaidi ni wakati.

Nikuambie na upande ule mwingine ili mtu asikuuzie: Marekani 2006 walilinganisha wagonjwa wa sickle cell, wengine wakatobolewa nyonga bila seli halafu fizio, wengine fizio peke yake, na baada ya kama miaka mitatu walikuwa karibu sawa. Kwa hivyo kutoboa peke yake sio muujiza, na fizio sio kitu cha kungojea.

Sista_Wodi4
Naongezea kitu Mama. Akipata joto la mwili pamoja na hayo maumivu, ama akatae kabisa kukanyaga, usingoje kliniki ya kesho, nenda usiku huohuo. Watoto wa sickle cell hupata usaha ndani ya mfupa na kiungo, na nyonga yenye usaha inaharibika kwa siku chache.

FizioKisumu
Ukweli mtupu, asante Sista.

MamaWarriorSiaya
Joto hana. Kuna mtu wa kanisa amenitumia namba ya kliniki ya seli shina, wanasema wanatibu sickle cell na nyonga pamoja kwa sindano ya kitovu. Nimeshaanza mchango.

FizioKisumu
Mama hiyo pesa ya mchango iweke kwa MRI ya nyonga zote mbili, nasema zote mbili juu mara nyingi ugonjwa uko pande mbili na moja bado haijaanza kuuma. Ikibaki iweke kwa nauli ya kliniki ya mifupa.

Bidhaa za damu ya kitovu zina historia yake. Marekani kwenyewe 2018 watu 12 walilazwa na maambukizi ya bakteria baada ya kudungwa hizo, wengi kwa magoti na mgongo, na chupa zenyewe zikapatikana na bakteria kabla hazijafunguliwa. Mtoto wako kinga yake iko chini tayari. Kliniki ikikuambia seli zinatibu nyonga, goti, kisukari na nguvu za kiume kwa bei moja, ondoka. Uliza jina kamili la daktari utafute kwa tovuti ya KMPDC, lile baraza linalosajili madaktari Kenya, kama amesajiliwa na kwa fani gani. Uliza seli zimetoka kwa nani na zilipimwa wapi. Kama wanasema ni utafiti, basi mgonjwa halipishwi kwa kufanyiwa utafiti, na lazima kuna karatasi ya kamati ya maadili.

Na hydroxyurea, ile dawa ya sickle cell, anatumia?

MamaWarriorSiaya
Anatumia, tangu 2021. Nimesimamisha hiyo namba. Kesho naenda kuomba rufaa. Wakati nangoja afanye nini, aende shule?

FizioKisumu
Aende shule. Asiruke, asikimbie, asibebe ndoo ya maji. Atumie magongo mawili kama maumivu ni mengi, akibaki na moja alishike kwa mkono wa kushoto, sio upande wa nyonga inayouma, gongo likienda mbele pamoja na mguu wa kulia. Watu wengi hulishika upande unaouma na linawaongezea mzigo. Akilala chali, akunje goti kifuani polepole hadi pale panapokubali, asilazimishe, asubuhi na jioni, na alale kwa tumbo dakika chache ili nyonga isikauke ikiwa imekunjika. Maji anywe ya kutosha. Shule muwaandikie barua asilazimishwe kupiga magoti wala kusimama paredi muda mrefu. Na ukipewa tarehe ya miezi mbele, rudi kwa yule daktari umwambie kwa maneno haya: mtoto ana sickle cell, anachechemea, nyonga haizunguki, nahofia kichwa cha mfupa kinakufa. Hayo maneno yanasongesha foleni.